Maswali ya Wasomaji: Mtafiti Anapoishiwa Nguvu Kabla ya Kazi Kuisha

Karibu barua zote za toleo hili zimetoka Lubumbashi, kwa maasistanti, ma-CT (chefs de travaux, ngazi iliyo juu ya asistanti), wasaidizi wa utafiti na wanafunzi wa udaktari. Kila mmoja ana njia yake ya kuuliza, lakini kilio ni kimoja: nguvu zinakwisha, kazi haiishi. Tumezifupisha na kuacha majina nje.

Asubuhi ni ya wote, usiku ndio wangu

*Jambo wahariri. Mimi ni asistanti wa mandat (kipindi cha mkataba) ya pili. Asubuhi nasimamia TP (masomo ya vitendo), napokea wanafunzi wa memwari (andiko la kumaliza masomo), nabeba makaratasi ya idara. Jioni narudi Katuba, tunakula bukari (ugali), watoto wanalala, ndipo nafungua tasnifu yangu, saa tatu usiku. Nasoma ukurasa mmoja mara tatu, hauingii. Wiki nzima naandika paragrafu mbili, na Jumamosi nazifuta. Mimi ni mvivu ao kichwa kimechoka?*

Ndugu yetu, mvivu hafungui tasnifu saa tatu usiku baada ya siku ya namna hiyo. Tatizo ni kwamba saa nzuri za kichwa chako unawagawia wengine, kisha kazi ngumu kuliko zote unaipa makapi. Kujenga hoja, kuchagua njia ya takwimu, kusoma makala yenye mahesabu: kazi hizo zinataka ushike mambo kadhaa akilini kwa wakati mmoja. Aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, ikifika saa tatu usiku amekaa macho saa kumi na sita. Mwili unadai usingizi, na uwezo huo wa kushika mambo mengi pamoja huanguka mapema. Kuosha vyombo unaweza, kujibu ujumbe unaweza, lakini ukurasa hauingii.

Anza kwa kupima. Nunua daftari la mfukoni, ulitumie siku kumi za kazi. Kila baada ya saa mbili andika ulichokuwa unafanya, nguvu ya kichwa kwa alama 1 hadi 5, na ulichokula au kunywa. Andika palepale, usingoje jioni, maana mtu aliyechoka hukumbuka siku nzima kuwa mbaya hata kama asubuhi yake ilikuwa safi. Siku kumi zikiisha, tafuta kipindi kilichopata 4 au 5 walau siku sita. Wengi hukipata asubuhi, saa mbili au tatu hivi, na kingine kifupi baada ya saa kumi alasiri. Kati yake, kuanzia saa saba hadi saa tisa mchana, alama hushuka. Bukari inaongeza uzito, lakini mwili una mteremko wake saa hizo hata kwa aliyefunga.

Kipindi hicho kizuri kipe tasnifu dakika 90, siku tatu kwa wiki. Usianze na siku tano: idara itakula mbili, utajiona umeshindwa, utaacha zote. Dakika 90 mara tatu ni saa nne na nusu za kichwa kizima, na zinazidi kwa mbali usiku wako wote wa sasa.

Utazipata wapi? Kwanza kwenye ratiba. Kabla ratiba ya mwaka haijabandikwa, omba TP zako ziwekwe mchana. TP uliyokwisha kuisimamia miaka miwili inadai zaidi miguu na sauti, na hivyo viwili hufanya kazi hata saa nane. Pili, wanafunzi wa memwari wapewe vipindi viwili vya kudumu kwa wiki, karatasi ikae kwenye valve (ubao wa matangazo) na mlangoni. Watalalamika wiki mbili, kisha watazoea. Tatu, dakika hizo 90 usizifanyie ofisini, kwa sababu mlango wa ofisi ni wa kila mtu. Tafuta oditwari tupu au pembe ya maktaba, simu iwe imezimwa ndani ya mfuko. Simu iliyolala mezani, hata kimya, bado unaichungulia.

Dakika tano za mwisho ni za lazima, na ndizo watu wengi wanaziruka. Andika umeishia wapi na mkono uanzie wapi keshokutwa, kwa maneno yanayoshikika. Mfano: “Jedwali la 3, safu ya Ruashi haijaelezwa. Fungua faili ya udongo, linganisha sampuli 14 hadi 22, kisha andika sentensi inayoanza na ‘Tofauti hii’.” Ukiandika “endelea na sura ya pili”, hujaandika kitu. Bila maelezo hayo robo saa au nusu saa ya kwanza ya kikao kijacho inakwenda kutafuta ulipokuwa. Kuna faida nyingine. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akihamia kazi nyingine kabla ya kumaliza ya kwanza, sehemu ya akili yake inabaki nyuma na kazi ya pili inaharibika. Tafiti za baadaye zikaonyesha kwamba mpango mfupi wa kurudi, ulioandikwa kabla ya kuhama, unapunguza mabaki hayo. Ukiandika mistari hiyo mifupi, hata wanafunzi wako wa TP watapata mwalimu aliyepo.

Usiku uachie kazi nyepesi: kupanga marejeo, kupa mafaili majina yanayoeleweka, kuingiza takwimu kutoka kwenye fomu. Ikifika saa tatu na nusu, funga.

Hesabu pia na majira ya hapa kwetu. Septemba na Oktoba, kabla mvua haijashika, ofisi yenye paa la bati haikaliki baada ya saa sita, na daftari lako litaonyesha 2 mchana hata kama ulilala vizuri. Jua linatoka saa kumi na mbili hivi au kabla yake, kwa hiyo miezi hiyo sogeza kikao mapema kadiri unavyoweza. Juni na Julai baridi ya alfajiri inazuia vidole. Anza saa tatu, hutapoteza kitu.

Wiki ya tatu au ya nne mtu ataweka mkutano juu ya kikao chako. Usikifute. Kihamishie siku nyingine ya wiki hiyohiyo, ukiandike upya kwenye ratiba kabla hujatoka kwenye huo mkutano.

Sauti ya saa moja, kazi ya siku nzima

*Mimi ni msaidizi kwenye mradi unaohusu familia za wachimbaji wadogo wa madini. Nafanya mahojiano manne kwa siku, kwa Swahili, usiku naandika yale niliyorekodi na kuyatia kwa Kifaransa. Wanataka mahojiano 40 yawe tayari kwa mwezi mmoja. Kichwa kinauma, na siku hizi naota watoto wa yale mahojiano. Kuna mama mmoja alilia mbele yangu na sikusikia kitu chochote ndani yangu. Hiyo ndiyo imeniogopesha.*

Dada yetu, tuanze na mahesabu, kwa sababu sehemu ya mzigo wako ni hesabu ambayo hakuna aliyeifanya. Saa moja ya sauti safi humchukua mwandishi mzoefu karibu saa nne kuiandika. Ikirekodiwa uani, kuna redio ya jirani, kuku, na watu wawili wanaoongea kwa pamoja, hesabu saa sita au zaidi. Kutia kwa Kifaransa, weka saa mbili nyingine. Kwa mahojiano 40 ya saa moja moja hizo ni saa 320. Ukikaa kwenye kazi hiyo saa sita kila siku, na mtu hawezi kwenda zaidi ya hapo bila kuanza kukosea, ni siku 53 za kazi, kabla ya kuhesabu siku za kwenda kuhoji. Andika hesabu hii kwenye karatasi moja umpelekee kiongozi wa mradi. Ukimwambia “nimechoka”, atakupa pole. Ukimwonyesha siku 53, itabidi aamue.

Mpelekee na mapendekezo. La kwanza, si kila mahojiano yanahitaji kuandikwa neno kwa neno. Mkubaliane, tuseme, kumi na tano yaandikwe kamili. Mengine yapate muhtasari wa kurasa mbili wenye dakika na sekunde pembeni, ili anayetaka maneno yenyewe aende moja kwa moja kwenye sauti. La pili, mahojiano mawili kwa siku, na kati yake saa moja na nusu bila kazi. Lile unalojua litakuwa zito liwe la kwanza. La tatu, tengeneza sauti tangu mwanzo: kinasa kiwe sentimita 30 hivi kutoka kinywani mwa anayehojiwa, juu ya kitambaa kilichokunjwa ili meza isilete mtetemo, redio izimwe kwa adabu, na mjaribu nusu dakika kabla ya kuanza. Dakika mbili hizo zinakuokolea saa nzima ya kurudisha nyuma na kusikiliza upya.

Wakati wa kuandika, punguza mwendo wa sauti hadi asilimia 75, fanya vipande vya dakika 25 au 30, kisha simama, toka nje, angalia mbali. Maumivu ya kichwa mara nyingi yanatoka hapo: macho yanayokazia kioo karibu, shingo iliyoinama, sauti ya juu masikioni. Yakiendelea hata siku usizoandika, pima macho na shinikizo la damu.

Sasa lile la ndoto na la kutosikia kitu. Msikilizaji wa maumivu ya watu kila siku anaweza kupata dalili zinazofanana na za aliyeumia mwenyewe: ndoto, kushtuka, kukwepa mahali au sauti, au moyo kufa ganzi. Si ubaya wa roho. Mahojiano mazito usiyaandike usiku kabla ya kulala. Yapangie asubuhi, na baada yake weka kazi kavu kama kuingiza namba. Kila Ijumaa kaa nusu saa na mwenzako wa mradi mzungumze juu yenu wenyewe: lipi lilikukaa, lipi linarudi. Msitaje jina la mtu wala mtaa wake, maana siri ya waliohojiwa inabaki siri hata hapo. Nusu saa hiyo ihesabiwe kama saa ya kazi, ilipwe. Mradi unaolipa petroli ya gari na haulipi hii umepanga vibaya.

Dalili zikipita mwezi mmoja, au zikikufanya ushindwe kufanya kazi au kuishi na watu wa nyumbani, nenda kwa mwanasaikolojia. Lubumbashi ina kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain, na Kliniki za Chuo Kikuu pia zinapokea.

Umeme unarudi saa saba usiku

*Kwetu Kampemba delestaji (mgao wa umeme) imekuwa hivi: umeme unakuja saa saba usiku, unaondoka alfajiri. Naamka nao, nakunywa kahawa vikombe vitatu ao vinne, nafanya kazi hadi kunakucha. Mchana niko maabara na asidi mbele yangu, nasinzia. Nifanye nini?*

Leo hii, kabla ya lolote: siku uliyolala chini ya saa tano, usishike asidi wala moto. Mwombe mwenzako, au fanya kazi ya kupima uzito na kuandika lebo. Asidi nitriki ya kuyeyushia sampuli haisamehe mkono unaosinzia.

Kisha kahawa. Kikombe cha kahawa ya kuchuja kina takriban miligramu 80 hadi 100 za kafeini, na mwili huchukua kama saa tano au sita kuondoa nusu yake. Ukinywa vikombe viwili saa saba usiku, saa kumi na mbili asubuhi, unapotaka kujilaza kidogo, bado una kafeini ya kikombe kizima ndani. Utalala, lakini usingizi hautakuwa mzito, na utaamka ukitaka kahawa zaidi. Mtu mzima mwenye afya asipite miligramu 400 kwa siku. Mjamzito asipite 200. Anayetumia vidonge vya kupanga uzazi ajue kwamba kafeini hukaa mwilini mwake karibu mara mbili ya muda huo. Kikombe cha mwisho na kulala vipishane kwa muda wa saa nane.

Lakini dawa yenyewe ni kuacha kompyuta iamke usiku badala yako. Iache ichaji juu ya meza ngumu, mbali na kitanda na nguo, kupitia stabilaiza, kwa sababu umeme unaporudi huja na msukumo unaochoma chaja. Asubuhi una betri iliyojaa. Betri ya saa-wati 45 kwenye kompyuta inayokula wati 15 inakaa saa tatu, na wati 15 unazipata ukipunguza mwanga wa kioo hadi nusu, ukizima mtandao na kufunga programu zote isipokuwa ile ya kuandikia. Saa tatu zinatosha dakika 90 mara mbili.

Tengeneza orodha mbili ubandike ukutani. Moja ni ya kazi zinazotaka umeme: kukimbiza mahesabu makubwa, kupakua makala, kuchapa. Nyingine ni ya kazi zisizotaka: kusoma makala zilizochapwa ukiwa na kalamu, kuchora muundo wa sura kwenye karatasi kubwa, kusahihisha rasimu. Wengi hugundua kwamba orodha ya pili ni ndefu kuliko walivyodhani, na kwamba rasimu iliyosahihishwa kwa kalamu hutoka safi zaidi.

Ikibidi kweli uamke, isizidi mara mbili kwa wiki, na ulale saa mbili usiku ili uwe umepata saa tano kabla umeme haujaja. Mchana wa kesho yake jilaze dakika 20, saa imewekwa iite. Ukipita nusu saa utaamka mzito kuliko ulivyolala.

Likizo haikusaidia

*Nina miaka 34, ni CT. Nilipumzika wiki tatu, nilikwenda kwa wazazi Likasi, nililala vizuri. Nimerudi nimechoka vilevile. Ngazi za ghorofa ya pili zinanikata pumzi. Wenzangu wanasema ni msongo wa mawazo.*

Papa CT, wenzako wanaweza kuwa na haki, lakini hawajakupima. Uchovu usioondoka kwa kulala wiki tatu, na pumzi inayokatika kwenye ngazi, ni jambo la daktari kwanza. Omba vipimo hivi, ambavyo hospitali kubwa za mji kama Sendwe zinafanya: malaria, Hb (hemoglobini, yaani wingi wa damu), sukari kabla ya kula, mkojo na choo, na shinikizo la damu. Hb chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanaume, au chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito, ni upungufu wa damu. Sukari ya gramu 1.26 kwa lita au zaidi kabla ya kula, ikithibitishwa mara ya pili, ni kisukari. Kama kazi yako inakuingiza kwenye maziwa na mito, mwambie daktari atafute kichocho. Kama unakohoa zaidi ya wiki mbili, unatoka jasho usiku au umepungua uzito, mwambie hata asipouliza. Uliza pia juu ya kipimo cha virusi vya ukimwi, homa ya ini na tezi ya shingo.

Ukipewa vidonge vya chuma kwa sababu ya damu, usivimeze na chai wala kahawa. Acha saa mbili kati yake, la sivyo chuma kinapita tu. Usiache dawa mara tu unapojisikia vizuri, kwa sababu akiba ya chuma hujazwa baada ya Hb kupanda, na hilo huchukua miezi.

Vipimo vikiwa safi, ndipo tutazame kazi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu 2022, limeweka uchakavu unaotokana na kazi kama hali ya kazini, wala si ugonjwa, na limeutaja kwa mambo matatu: nguvu kuisha, kujitenga na kazi au kuichukia, na kuona kwamba kazi yako haina matokeo. Ukiwa na yote matatu, likizo nyingine haitakutibu, kwa kuwa unarudi kwenye kilekile kilichokuchosha. Itabidi kitu kitoke kwenye mzigo: kozi moja, memwari tano, au ile kazi ya pili ya chuo kingine. Tunajua ile kazi ya pili ndiyo inalipa kodi ya nyumba. Basi toa memwari.

Unyonge wa moyo ni kitu kingine tena. Huzuni au kutofurahia chochote, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hata mambo yasiyo ya kazi, hata mpira, hata watoto: hiyo inatibika, kwa mazungumzo, kwa dawa, au vyote viwili. Ikija na mawazo ya kufa, usingoje miadi. Mwambie mtu wa nyumbani leo, mwende pamoja.

Serum na vinywaji vya nguvu

*Wakati wa kumaliza ripoti, wenzetu wanawekewa serum (dripu) ya vitamini, wengine wanakunywa makopo ya vinywaji vya nguvu. Inafaa?*

Chupa ya serum ya glukozi ya asilimia 5, mililita 500, ina gramu 25 za glukozi, yaani vijiko sita vidogo vya sukari. Chai yenye sukari na mkate inakupa zaidi, bila sindano na bila hatari ya mshipa kuvimba. Vitamini humsaidia aliyepungukiwa nazo. Wengi wanaosimama na nguvu baada ya serum walikuwa wamelazwa saa mbili bila simu, na hicho ndicho kilichowasaidia. Kopo la kinywaji cha nguvu la mililita 250 kwa kawaida lina kafeini ya kikombe kimoja cha kahawa, pamoja na sukari nyingi. Kunywa maji, kula kitu, lala.

Prof anaandika saa tano usiku

*Nina mtoto wa miezi mitano, ninanyonyesha. Prof wangu anatuma ujumbe usiku, kazi tatu kwa mara moja, zote za haraka. Siwezi kumkatalia mtu mkubwa. Nalala vipande vipande, na juzi nilifuta safu nzima ya takwimu kwa makosa.*

Mama, kumkatalia si lazima. Mwachie yeye achague. Asubuhi, saa moja na nusu, mwandikie: “Jambo Prof. Nimepokea kazi tatu: jedwali la mradi, marekebisho ya makala, na orodha ya wanafunzi. Wiki hii nitaweza kumaliza mbili vizuri. Naomba unionyeshe ipi itangulie. Ya tatu nitaileta Jumatano ijayo.” Heshima ipo, idadi ipo, tarehe ipo. Maprofesa wengi hawakumbuki walichokutuma jana usiku, na wakiona vyote vitatu kwenye mstari mmoja, wao wenyewe huondoa kimoja. Na usijibu usiku. Watu hujifunza saa zako kutokana na saa unazojibu: aliyejibiwa saa tano usiku mara tatu ataona hiyo ndiyo saa yako ya kazi.

Kuhusu usingizi, kwa sasa lengo lako liwe kipande kimoja kisichokatika cha saa nne au tano. Saa nane zitarudi baadaye. Usiku mmoja kati ya miwili, baba wa mtoto au mdogo wako akae na mtoto kuanzia saa mbili hadi saa sita usiku, na maziwa uliyokamua. Kwenye joto la kawaida la chumba, hadi digrii 25, maziwa hayo hukaa saa nne, kwa hiyo ukiyakamua kabla tu ya kulala yatatosha bila friji. Siku za joto la Oktoba yatumike mapema zaidi. Wewe lala chumba kingine. Kula kwa ajili ya wawili kweli: anayenyonyesha anahitaji takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku, na sombe (majani ya muhogo) yenye karanga, maharage na samaki wadogo inazifikia kwa bei ya soko.

Takwimu zilinde dhidi yako mwenyewe. Faili la asili liwe la kusoma tu, lisifunguliwe kufanyiwa kazi. Kila siku ya kazi hifadhi nakala mpya yenye tarehe kwenye jina. Siku ya usingizi mbovu usifute kitu chochote: weka alama ya rangi, ufute kesho yake. Ile safu iliyopotea, angalia kwanza kwenye barua pepe ulizomtumia Prof. Mara nyingi nakala ya zamani imelala humo.

Makopi 300

*Nina makopi 300 ya mtihani na siku saba kabla ya delibe (kikao cha kupitisha matokeo). Nisahihishe vipi bila kufa?*

Dakika sita kwa kopi ni saa 30. Kwa siku saba ni zaidi kidogo ya saa nne kila siku. Inawezekana, ukianza leo. Andika bareme (mwongozo wa kutoa alama) kamili kwanza, ikiwa na alama za majibu nusu, kisha sahihisha makopi kumi kwa penseli uone kama bareme inashika. Baada ya hapo nenda swali kwa swali: swali la kwanza kwa makopi yote, ndipo la pili. Kichwa kinashika jibu moja badala ya matano, mkono unakwenda haraka, na haki inakuwa sawa kwa wote. Kila ukianza swali jipya, changanya rundo, ili asiwepo mwanafunzi ambaye kila mara anakutana nawe umechoka.

Simama kila makopi 25, dakika kumi, nje. Ukirudi, chukua makopi matano ya mwanzo wa rundo uyasome tena bila kutazama alama ulizotoa. Ukikuta tofauti ya alama mbili au zaidi kwenye 20, mkono wako umehama, na kwa kawaida umekuwa mkali. Acha kwa siku hiyo, na rundo hilo la mwisho la 25 lirudie asubuhi. Kujumlisha alama na kuziingiza kwenye fomu fanya na mwenzako, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akiandika. Namba zilizogeuzwa, 12 ikawa 21, ndizo zinazoleta malalamiko mengi baada ya delibe.